Kutoa upepo kwenye breki ya diski ya pikipiki baada ya kubadilisha pedi na diski

Pedi mpya zimeingia, diski mpya imefungwa, tairi limerudi mahali pake. Unavuta leva ya breki ya mbele, inakwenda mpaka kwenye mshikio bila kukamata chochote. Wengi hapo hapo husema upepo umeingia, wakashika spana. Mara nyingi hakuna upepo wowote. Ili pedi nene zipite, pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zilirudishwa ndani kabisa. Sasa kuna nafasi kati ya pistoni na pedi, na kila ukivuta leva unasogeza pistoni kidogo tu. Vuta na uachie, vuta na uachie, mara ishirini au thelathini ikibidi, hadi ikamate. Fanya hivyo kabla pikipiki haijasogea hata mita moja. Anayetoka gereji bila kupampu breki hugundua kwenye makutano ya kwanza kwamba hana breki, na pengine ana abiria nyuma.

Mwongozo huu unahusu breki ya mbele yenye diski moja na kalipa inayoteleza, kama ya Bajaj Pulsar, TVS Apache na pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 hadi 200. Breki ya nyuma ya diski hufuata kanuni zilezile, na tofauti zake zimetajwa mahali pake. Breki za ngoma, zilizoko bado kwenye Boxer nyingi za bodaboda, hutumia waya au fimbo, hazina mafuta, hivyo hazina upepo wa kutoa.

Je, kuna upepo kweli?

Mafuta ya breki hayabonyei, hewa hubonyea. Ndiyo siri yote ya breki ya diski. Nguvu ya vidole vyako hupita kwenye mafuta hadi kwenye pistoni bila kupungua njiani, lakini kipovu kimoja kikikaa humo, sehemu ya nguvu hiyo huishia kukiminya kipovu badala ya kuibana pedi.

Jaribu hivi. Pampu leva hadi ikamate, iachie, subiri dakika moja, kisha ivute mara moja tu. Ikikamata mapema na kuwa ngumu, kilichokuwapo ni nafasi ya pistoni na umeshaiziba. Ikirudi kuwa laini, na inapanda tu ukipampu harakaharaka, upepo upo.

Jiulize pia upepo ungeingilia wapi. Kubadilisha pedi na diski hakuufungui mfumo wa mafuta. Hewa huingia kama mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta hadi kwenye kalipa, ulifunguliwa, au kikopo cha mafuta kilicho juu karibu na leva kiliachwa kikaisha, au mtu alivuta leva tairi likiwa limetolewa na pistoni ikachomoka. Pikipiki iliyoanguka au kulazwa ubavu mafuta yakiwa machache nayo huweza kuvuta hewa. Kama hakuna hata kimoja kilichotokea, pitia kwanza sehemu ya matatizo hapo chini kabla hujafungua nipeli, ile skurubu yenye tundu iliyo kwenye kalipa ya kutolea upepo.

Kuna sababu nyingine nzuri ya kufungua nipeli hata bila upepo, nayo ni mafuta yaliyozeeka. Mafuta mapya ni meupe au ya njano hafifu. Yakishakuwa kama chai ya rangi au meusi, yabadilishe yote sasa, maana vifaa umeshavitoa na kazi ni ileile.

Mafuta gani, na kwa nini si mengine

Soma kifuniko cha kikopo: kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja ya glikoli. Ukikosa DOT 3 unaweza kuweka DOT 4, lakini mfumo uliotakiwa DOT 4 usiuwekee DOT 3. DOT 5, isiyo na ile .1, ni ya silikoni na haichanganywi kabisa na hizo nyingine. Majina yanafanana sana, kwa hiyo soma chupa mara mbili.

Namba hizo zinahusu joto la kuchemka. Kwa kiwango cha Marekani, DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji chini ya 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155, kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama jinsi maji yanavyoshusha namba hizo. Mafuta ya glikoli hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ina unyevu mwingi mwaka mzima. Mafuta yaliyolowa huonekana hayana tatizo mjini. Siku unashuka Lushoto kwenda Mombo au unateremka Kitonga na mzigo, diski inapata moto, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unajaa na leva inashuka hadi mwisho. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haitembei sana, na ndiyo sababu chupa iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita ikabaki kwenye rafu ya gereji haifai. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Mililita 250 zinatosha kutoa upepo na kubadilisha mafuta yote ya breki moja.

Usiweke oili ya injini, haidroliki wala ya usukani wa gari, hata kwa kufika nyumbani tu. Sili za breki, yaani vile vimpira vinavyozuia mafuta yasipite, zimetengenezwa kwa mpira unaovumilia glikoli, si mafuta ya petroli. Zikikutana na oili huvimba, pistoni hukwama, breki hujishika yenyewe. Baada ya hapo hakuna kusafisha. Ni kubadilisha sili zote za masta silinda (ile pampu ya mafuta inayosukumwa na leva) na kalipa, pamoja na mpira wa breki.

Vifaa

- Spana ya ringi inayolingana na nipeli, mara nyingi namba 8, pengine 7 au 10. Usitumie koleo wala spana iliyolegea, nipeli ni laini na ina tundu katikati, hukatika kirahisi.
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa dripu, wa kubana vizuri kwenye nipeli, urefu wa nusu mita hivi.
- Chupa safi ya plastiki ya kupokelea mafuta machafu.
- Bisibisi ya nyota inayojaa sawasawa kwenye skurubu za kikopo.
- Sirinji kubwa, ya mililita 50 au 60, bila sindano.
- Spiriti au dawa ya kusafishia breki, vitambaa safi, ndoo ya maji.
- Spana ya torki kama unaweza kuipata.

Maji ni ya lazima. Mafuta ya breki huvua rangi ya tanki na matamvua. Tone likidondoka, mwagia maji mengi mara moja, usipanguse tu kwa kitambaa kikavu. Funika tanki kwa taulo lililolowa kabla hujaanza. Vaa glavu na ukinge macho.

Kabla ya nipeli: hakikisha diski na pedi vimekaa sawa

Leva nyingi zinazolaumiwa upepo zimeharibiwa na kazi ya hatua hii, kwa hiyo tuikague taratibu.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yasipotolewa huingia kwenye pedi, na pedi iliyonyonya mafuta hairudi kuwa nzima hata ukiipiga msasa au kuichoma. Osha pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa safi hadi kitambaa kisichukue rangi. Petroli ya pampu si nzuri kwa kazi hii, huacha utando. Baada ya hapo shika diski kwenye kingo tu.

Sehemu ya habu inapokaa diski isuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu na rangi vitoke. Chembe ndogo ya kutu chini ya diski hugeuka kuwa mtikisiko mkubwa kule pembeni. Kama diski ina mshale, uelekee tairi linakozungukia tairi likienda mbele. Weka dawa ya kushikilia nyuzi, ya bluu, tone moja kwa kila boliti, kisha kaza kwa kuvuka, boliti moja na ile iliyo mkabala nayo, kwa raundi mbili au tatu. Nguvu hutofautiana sana kati ya watengenezaji, boliti za M8 za diski huweza kuwa Nm (nyutonimita) 23 kwenye pikipiki moja na Nm 42 kwenye nyingine, hivyo fuata kitabu cha pikipiki yako. Ukizungusha tairi na kushikilia ncha ya bisibisi karibu na diski bila kuigusa, utaona kama inayumba. Kitabu kingi huweka kikomo cha kuyumba karibu mm 0.3 au chini. Unene wa mwisho umechongwa kwenye diski yenyewe baada ya herufi MIN TH.

Diski mpya ipewe pedi mpya. Pedi za zamani zimejichonga kufuata mifereji ya diski ya zamani, zitagusa mpya kwenye migongo michache tu.

Sasa kalipa. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, safisha sehemu yake iliyojitokeza kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, suuza, kausha, pangusa kwa mafuta mapya ya breki. Ukisukuma pistoni chafu unaipitisha tope kwenye sili. Mchanga huo ndio huchana sili na kuikwaruza pistoni. Isukume sambamba kwa kuweka pedi ya zamani juu yake na kuibana taratibu. Kalipa ikiwa na pistoni mbili upande mmoja, zuia moja wakati unasukuma nyingine, vinginevyo itachomoka. Fungua kifuniko cha kikopo na uangalie huku unasukuma, kwa sababu mafuta yanarudi juu. Kama mtu aliongeza mafuta pedi za zamani zilipokuwa zimeisha, kikopo kitafurika. Yavute kwa sirinji.

Pini zinazotelezesha kalipa zitolewe, zifutwe, zipakwe grisi ya silikoni au ya breki kidogo tu. Grisi ya bering huvimbisha vile vimpira vya vumbi na pini hukwama. Kalipa iliyokwama kwenye pini hukandamiza diski upande mmoja, diski inajipinda kidogo kila ukivuta, na mkono wako unahisi ulaini uleule wa upepo. Hakikisha pia kile kibati cha springi kimekaa kwenye nafasi yake na migongo ya pedi inalala juu yake.

Rudisha tairi, pangilia meno ya kifaa cha spidi kwenye habu, kaza ekseli, zungusha. Kisha pampu leva hadi ikamate.

Kutoa upepo

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, au stendi ya pembeni yenye kitu imara cha kuzuia isiyumbe. Geuza usukani hadi masta silinda iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa na mafuta ndani ya kikopo yakae usawa. Hewa hupanda juu. Ukiachia mpira wa breki upinde juu kuliko masta silinda, umeitengenezea hewa mahali pa kujificha.

Futa kifuniko vizuri kabla ya kukifungua. Skurubu zake hushika kutu na vichwa vyake kuliwa, hivyo bonyeza bisibisi kwa nguvu na gonga kichwa chake mara moja kwa nyundo ndogo ndipo uzungushe. Toa kifuniko na kile kimpira cha ndani. Vuta mafuta ya zamani kwa sirinji, acha kidogo tu ya kufunika vitundu vya chini, futa masalia meusi kwenye kuta za kikopo, jaza mafuta mapya hadi alama ya juu. Usivute mafuta yote hadi chini pakauke, hapo ndipo unapoleta upepo ambao hukuwa nao.

Weka spana ya ringi kwenye nipeli kwanza, ndipo uvishe ule mpira mwembamba. Pandisha mpira juu kidogo kutoka kwenye nipeli kabla haujashuka kwenye chupa, ili mafuta yakae juu ya nipeli na hewa isirudi. Ncha ya mwisho izame kwenye sentimita mbili za mafuta ya breki ndani ya chupa.

Legeza nipeli na kuikaza tena mara moja ili uone kama inatii. Ikigoma, usilazimishe. Nyunyizia dawa ya kutu, subiri, igonge polepole juu, jaribu tena. Nipeli iliyokatikia ndani ni kazi ya fundi mwenye mashine.

Kisha zunguko lenyewe, na mpangilio wake ndio kila kitu:

1. Vuta leva taratibu mara tatu, ya mwisho ishikilie.
2. Leva ikiwa imeshikiliwa, fungua nipeli robo ya mzunguko. Mafuta yatatoka na leva itashuka.
3. Kabla leva haijafika mwisho, funga nipeli.
4. Ndipo uachie leva, taratibu.
5. Subiri sekunde mbili tatu, rudia.

Ukiachia leva nipeli ikiwa wazi, kalipa inavuta hewa na mafuta machafu kutoka kwenye mpira, na kazi yote ya nyuma inapotea. Mnapokuwa wawili, anayeshika leva aseme kwa sauti "nimeshika" na anayeshika spana aseme "nimefunga". Ukimya kati ya watu hao wawili ndiyo chanzo cha kosa hili karibu kila mara.

Kwenye pikipiki ya siku nyingi, weka kipande cha mti chenye unene wa kidole kati ya leva na mshikio. Ndani ya masta silinda, sili imezoea kutembea sehemu moja. Mbele ya hapo kuna kutu na uchafu, na ukiipeleka sili hadi mwisho unaichana. Kuna breki zilizoingia gereji zikiwa na upepo kidogo zikatoka na masta silinda iliyokufa kwa sababu hiyo.

Kila baada ya mizunguko minne au mitano angalia kikopo na uongeze. Kikopo cha pikipiki ni kidogo mno, huisha upesi kuliko mtu anavyotarajia. Funika kwa kifuniko bila kukaza, maana leva ikiachiwa ghafla mafuta huruka juu kwa mshindo. Endelea hadi mafuta yanayopita kwenye mpira yawe na rangi ya mapya na bila povu kwa mizunguko mitano mfululizo. Ukiona vipovu vidogo visivyokwisha lakini leva imeshakuwa ngumu, huenda hewa inapita kwenye nyuzi za nipeli iliyofunguliwa, haitoki ndani ya mfumo. Fungua nipeli robo tu badala ya nusu, au paka grisi ya silikoni kuzunguka shina lake.

Kaza nipeli kwa Nm 5 hadi 8, yaani spana fupi na vidole viwili. Rudisha kifuniko chake cha vumbi. Jaza kikopo hadi alama, si zaidi, kunja kimpira cha ndani kirudi kwenye umbo lake, funga. Kimimina kilichobanwa hadi kwenye kifuniko hakina pa kwenda kikipata moto, na breki itaanza kujishika.

Mafuta machafu usiyamwage kwenye mtaro wala uani. Yafungie kwenye chupa na kuyapeleka gereji inayokusanya oili chafu.

Kwenye breki ya nyuma, leva ni kanyagio na msaidizi anakuwa wa lazima zaidi. Ikiwa nipeli ya kalipa haielekei juu, fungua kalipa, iinue hadi nipeli iwe juu kabisa, na bana kipande cha mti cha unene wa diski kati ya pedi ili pistoni zisitoke. Pikipiki yenye diski mbili mbele huanziwa na kalipa iliyo mbali zaidi kwa urefu wa mpira, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Yenye ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisigande unapofunga breki, hutolewa upepo kwa njia hiihii mradi kikopo hakikukauka. Kikikauka na hewa ikaingia kwenye kifaa cha ABS, baadhi huhitaji mashine ya kukiendesha.

Upepo uliokwama juu, na mfumo uliokauka

Ukitoa upepo kwenye kalipa hadi mafuta yawe safi na leva bado laini, tazama juu. Pale mpira unapoungana na masta silinda kuna boliti yenye tundu, na mpira hapo mara nyingi hupanda kabla haujashuka. Kipovu hukaa hapo. Kukisukuma chini mita nzima hadi kwenye nipeli ni kazi ngumu, kwa kuwa chenyewe kinapanda. Kizungushie kitambaa, shikilia leva, legeza boliti hiyo kiasi kidogo hadi uone mafuta yakitoka na povu, kaza, achia leva. Mara mbili au tatu zinatosha. Ukiwa umeifungua boliti hiyo kabisa, weka wosha mpya za shaba pande zote mbili, halafu mwagia maji eneo lote.

Njia nyingine inayofanya kazi vizuri kwa vipovu vidogo ni kusogeza leva kidogo kidogo, milimita chache tu, huku kikopo kikiwa wazi. Utaona vipovu vikichomoza kwenye kitundu cha chini. Gonga mpira na kalipa kwa mpini wa bisibisi huku unafanya hivyo. Unaweza pia kuvuta leva, kuifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu hadi asubuhi, kisha kuifungua taratibu. Vipovu vitakuwa vimepanda hadi masta silinda na vitatokea kwenye kikopo.

Mfumo uliokauka kabisa, kwa mfano baada ya kuweka mpira mpya, leva haina nguvu ya kuujaza. Jaza kutoka chini. Vuta mafuta mapya kwenye sirinji, toa hewa yake, ichomeke kwenye mpira ulioujaza mafuta, fungua nipeli, sukuma taratibu. Mafuta hupanda na hewa hutangulia mbele yake hadi kwenye kikopo. Mtu mmoja aangalie kikopo na kuvuta yanayozidi kwa sirinji ya pili. Fanya hivi kwa kalipa safi tu, vinginevyo unapeleka tope juu kwenye kitundu chembamba kuliko vyote. Malizia kwa mizunguko michache ya kawaida.

Leva bado haijakaa sawa

Leva inayozama polepole ukiishikilia kwa nguvu haina upepo. Inavuja. Pangusa viungo vyote, shikilia leva dakika moja, tafuta unyevu. Kusipokuwa na tone nje, sili ya masta silinda inapitisha ndani kwa ndani. Nunua seti ya sili au masta silinda nzima, na usiendeshe hadi hapo.

Leva iliyo nzuri gereji, lakini barabarani mvuto wa kwanza unakwenda mbali na wa pili unakamata, inaonyesha kitu kinairudisha pistoni nyuma unapotembea. Diski inayumba au bering ya tairi imekwisha. Shika tairi juu na chini, litikise.

Leva ngumu kabisa lakini pikipiki haisimami ni habari ya pedi: zimelowa mafuta, zimeng'aa kwa moto, au pistoni moja imekwama. Kutoa upepo hakutabadilisha chochote.

Breki inayojishika na diski kuwa ya moto bila kuvutwa: legeza nipeli. Tairi likiachia mara moja, shinikizo limefungiwa ndani, na chanzo kiko juu. Kitundu chembamba cha kurudishia mafuta kimeziba, au kikopo kimejazwa kupita kiasi, au leva ya kuiga inaibonyeza pistoni ya masta silinda hata ikiwa imeachiwa. Tairi lisipoachia, kalipa au pini zake zimekwama.

Mpira wa breki wa miaka mingi nao hutanuka ukibanwa. Mwambie mtu avute leva huku umeushika mpira. Ukiuhisi unavimba mkononi, au una nyufa, ubadilishe.

Kulaza pedi kwenye diski

Pedi mpya hugusa diski mpya kwenye sehemu chache, hivyo breki iliyotolewa upepo vizuri bado huhisi hafifu siku ya kwanza. Kwanza sukuma pikipiki kwa miguu na ujaribu breki. Kisha, kwenye barabara tupu na kavu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza kwa nguvu ya wastani hadi 10 bila kusimama, ongeza mwendo tena, mara nane hadi kumi, ukiacha nusu dakika kati ya mara moja na nyingine diski ipoe. Usisimame huku umeshikilia leva diski ikiwa ya moto, pedi huacha alama yake hapo na breki itakuwa inatetemeka. Kwa kilomita 200 za mwanzo epuka kufunga breki kwa ghafla isipokuwa kwa dharura, na acha umbali mkubwa zaidi na gari la mbele.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha injini, vuta leva mara moja na uangalie chini ya nipeli, kwenye boliti za mpira na kuzunguka kifuniko cha kikopo kama kuna unyevu. Baada ya kilomita 100 kagua tena kiwango cha mafuta na ukazaji wa boliti za kalipa.